Nyumba Iliyotoa Watoto Wenye Adabu

Mume wangu aliniposa kwa sababu ya kikombe. Yeye mwenyewe alipenda kuwasimulia watu habari hiyo, tena kwa fahari. Alikuja nyumbani kwa shangazi yangu, nje kidogo ya Njombe, amefuatana na mjomba wake, wakaletewa chai. Msichana aliyeileta aliingia bila mlango kulia, akapiga magoti, akaweka vikombe mezani bila hata kimoja kugonga sahani yake, akatoka kinyumenyume macho yakiwa chini. Njiani mjomba akamwambia, "Ukimwoa yule, hutasikia kelele nyumbani mpaka uzeeke." Na kweli, kwa miaka mingi hakusikia.

Hakuna aliyejiuliza mtu hujifunzaje kuweka kikombe namna ile. Watu wakiona uwanja umefagiliwa husifu ufagio. Mimi mwenyewe nilisifiwa sana, nikazoea, na kuna wakati nilifikiri kwamba kusifiwa ndiko kupendwa.

Mama alifariki nikiwa sijajua kusema vizuri. Baba alikwenda kwenye mkonge huko Tanga kutafuta fedha ya kodi, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kwetu wakati wa Mwingereza, na mkonge ukammeza. Tulipata habari kwamba yu hai na ana mke mwingine, basi. Nikabaki kwa dada yake mkubwa. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, na kanisani kwetu hapakuwa na mwanamke aliyeheshimiwa kama yeye. Madirisha ya nyumba yake yalikuwa na mapazia meupe. Watu walimletea watoto awalee: yatima, watoto wa ndugu, wasichana waliokaribia kuolewa. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Mtoto ni wa ukoo, na mwanamke mzee haachwi peke yake bila mtu wa kumchotea maji na kumwashia moto. Walioingia kwake na vichwa vigumu walitoka laini. Mchungaji aliwahi kumsifu mbele ya kanisa zima, nasi wasichana wake tumekaa benchi moja, mikono mapajani, hakuna anayekohoa.

Shangazi hakuwa mlevi. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia mtoto aliteswa hutafuta kwanza pombe, na kwetu ulanzi haukosekani mvua zikianza na mianzi ikichipua. Yeye hakuonja hata tone. Hakupiga kelele pia. Sikumbuki hata siku moja sauti yake ikipanda. Ukikosea, angemaliza kwanza kazi aliyokuwa nayo, anawe mikono, aje mlangoni na kusema kwa upole, "Njoo, mwanangu, tuombe." Ungeingia ndani. Mngepiga magoti pamoja kando ya kitanda chake. Angemwomba Mungu akusamehe, angelitaja kosa lenyewe kwa utaratibu ili Mungu asikose kulielewa, nawe ungeitikia amina. Kisha angefunga mlango na kuchukua kiboko.

Kulia lilikuwa kosa jingine. Alisema mtoto anayelia anajihurumia, na anayejihurumia hajatubu. Kwa hiyo ukilia, mlipiga magoti upya. Mwisho ulisema, "Asante, shangazi," na kama asante haikutoka vizuri, nayo ilikuwa na malipo yake. Asubuhi za baridi kali, umande unapoganda juu ya majani ya viazi, kulikuwa na adhabu ya kusimama nje miguu mitupu mpaka aridhike kwamba umenyenyekea. Kulikuwa na adhabu ya kushikishwa kaa la moto, hiyo kwa mwongo. Ninalo kovu kiganjani. Wageni waliponiuliza nilisema uji uliniunguza, na Shangazi, akiwa amekaa hapo hapo, aliendelea kufuma sweta lake. Kwa uongo huo hakuniadhibu.

Nyumbani pale alikuwapo msichana aliyenizidi umri kidogo, mtoto wa ndugu wa mbali. Nilimwita dada. Tulilala mkeka mmoja na kujifunika blanketi moja. Yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kutolia: unang'ata ulimi pembeni, si mbele, maana mbele utaonekana. Hatukuwahi kuzungumza juu ya yaliyokuwa yakitupata. Tungeanzia wapi? Akipigwa yeye, mimi nilifua. Nikipigwa mimi, yeye alimenya viazi. Aliolewa kabla yangu, jirani tu na pale, na mwanamume ambaye baadaye alifanywa mzee wa kanisa.

Mimi nikapelekwa Makambako. Mume wangu alikuwa mnyapara wa barabara ya serikali, na kambi yao ilikuwa pale njia ya Njombe inapoachana na njia ya Mbeya. Siku hizo palikuwa na maduka machache ya Wahindi, malori, mbuzi, na upepo. Upepo wa Makambako haupulizi, unasukuma. Nilifika huko nikiwa mke mwema kupita kiasi. Niliamka kabla ya majogoo hata pasipokuwa na la kufanya. Nilikula baada ya watu wote, nimegeukia ukuta. Nikigonga kigoda kwa mguu, nilikiomba radhi, na mume wangu aliona ni kichekesho akawaeleza wenzake kambini. Akiniita tu, mwili wangu wote uliganda, naye akadhani ni heshima.

Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga kamwe. Lakini mimi nilikuwa nikingoja anipige. Kila jioni aliporudi na tope jekundu miguuni, nilitazama mikono yake kwanza, uso baadaye. Huko kungoja kulinichosha kuliko kipigo chenyewe, kwa sababu kipigo kina mwisho.

Kilichoanza kunitibu, kama hiyo ni tiba, ni madereva wa malori. Nilikuwa nimefungua kibanda cha chai na viazi karibu na walipoegesha, na watu wale hawakuwa na adabu hata chembe. "Mama, chai hii umeichemsha au umeionyesha moto tu?" Mwanzoni niliinamisha kichwa nikangoja baya lifuate. Hakuna lililofuata. Walikunywa, wakacheka, wakaondoka, wakarudi tena wiki nyingine na matusi mapya. Siku moja dereva mmoja mnene alisema viazi vyangu ni vibichi, nami nikajikuta nimejibu, "Basi kavile kwa mama yako vilivyoiva." Nikaziba mdomo. Kibanda kizima kikaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza. Nilitoka nikaenda nyuma ya kibanda nikatapika. Ndivyo nilivyokuwa, maneno machache ya utani yaliweza kuniangusha chini. Lakini aliporudi tena nilimjibu tena, na safari hiyo sikutapika.

Tulipata mtoto wa kike, mmoja tu. Alizaliwa na sauti. Siku za kwanza akilia, macho yangu yalikwenda mlangoni, kama kwamba kuna mtu anakuja kumwita. Alipokua alicheka mdomo wazi, alibisha, aliuliza kwa nini hiki na kwa nini kile. Sikumfundisha kunyamaza. Kusema kweli sikumfundisha jambo lolote, maana niliogopa kufundisha. Njia niliyoijua ilikuwa moja. Akikosea nilitoka nje nikazunguka nyumba mpaka mikono yangu itulie, ndipo nirudi. Majirani walisema ninamdekeza. Mama mkwe wangu hakuficha. "Ajabu," alisema, "mti kama wewe kuzaa tunda hili."

Basi mtoto alipoanza kung'oka meno ya mbele, Shangazi alituma salamu kutoka Njombe. Amezeeka, macho yamepungua nuru, anataka damu yake mwenyewe imshike mkono kwenda kanisani. Tumpelekee binti. Shule ya misheni iko karibu, na yeye atamlea kama alivyonilea mimi. Maneno hayo aliyaleta utingo wa lori, akayasema huku anatafuna muwa, akatema makapi akaenda zake.

Mume wangu alifurahi sana. Kuombwa mtoto na mwanamke kama yule ni heshima, na kumnyima ni kumtupa mzee. "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo," alisema, akanitazama kwa mapenzi kabisa. "Mimi mfano ninao ndani ya nyumba." Hapo ndipo nilipouona mtego. Ushahidi wa wema wa Shangazi ulikuwa mimi. Kila goti nililopiga, kila neno nililolimeza mbele ya wakwe, nilikuwa nikiisifu nyumba ile, na sasa sifa hiyo ilikuwa inamchukua mwanangu.

Ungesema, si ungemwambia mumeo? Nilijaribu. Nilisema, "Baba, mtoto bado mdogo." Akajibu, "Samaki mkunje angali mbichi." Nilisema Njombe kuna baridi. Akacheka, kwa sababu Makambako nako si motoni. Sikuwa na neno la jambo lenyewe. Kwa Kibena chetu na kwa Kiswahili, kumpiga mtoto ni kumfunza, na ukisema ulipigwa utajibiwa, nani hakupigwa? Ningeanza na sala ningeonekana namtukana Mungu. Ningeanza na kaa la moto ningeulizwa mbona siku zote nimesema ni uji. Tena kulikuwa na woga mwingine, wa kijinga kabisa, kwamba nikitamka tu, Shangazi atasikia huko aliko.

Nikamsuka mtoto nywele. Nikafunga nguo zake kwenye kitambaa. Nilimchukia mtu aliyekuwa akifunga kile kitambaa, lakini mikono ilikuwa yangu.

Tulikwenda na lori lililokuwa likipeleka chumvi. Mume wangu alimwonyesha mtoto kila mtaro alioutengeneza na kila daraja, na baada ya kuiacha njia ya kwenda Kichiwa ukungu ukatuzunguka, tukawa hatuoni tena kazi yake. Mtoto aliimba safari nzima. Pande za huko Wazungu walikuwa wamepanda miwati, mistari na mistari, na yeye alitaka kujua kama miti ile imeamriwa kusimama vile. Baba yake akasema ndiyo. Mimi nilikuwa nimeshika mbao za lori na sikusikia vidole.

Shangazi alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alikuwa amenywea. Miaka yote nilimbeba akilini mkubwa kama mlango, kumbe ni bibi kizee mwenye shingo nyembamba na sweta lililompwaya. Ungedhani hilo lingenipa nguvu. Nilipiga magoti, nikasema, "Kamwene, shangazi," kwa salamu yetu ya Kibena, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.

Dada alikuwapo, amenenepa, amejifunga kilemba cheupe cha akina mama wa kanisa. Mumewe, yule mzee wa kanisa, aliitwa awe shahidi. Katika ukoo wetu mtoto haachwi tu kama mzigo. Baba hutamka kwamba anamtoa, na mama naye hutamka kwa kinywa chake, asije baadaye akadai kwamba alinyang'anywa. Bila neno la mama, mtoto hajatolewa.

Mume wangu akasema maneno yake vizuri, kwa heshima. Wakati huo mtoto alikuwa akizunguka chumba, anagusa kila kitu, kisha akauliza, "Bibi, mbona mapazia umeyafunga mchana?"

Shangazi akatabasamu. "Huyu ana mdomo," alisema kwa upole. "Tutaupunguza."

Mume wangu akacheka. Mzee wa kanisa akacheka, dada akacheka. Kisha wote wakanigeukia mimi, zamu yangu ilikuwa imefika. Nilifumbua kinywa, hakikutoka kitu. Mzee wa kanisa akasema mama yeyote huona uchungu, nisione haya. Nikajaribu tena, na tena ikawa vile vile. Nilitaka kusema hapana, lakini miguu yangu ilikuwa imeshapiga magoti bila kuniuliza.

"Amechoka na safari," alisema Shangazi. Akanyoosha mkono, si kwangu, bali kwa binti yangu. "Njoo, mwanangu, tuombe."

Mtoto akamwendea. Akapiga magoti pale alipoelekezwa, akafumba macho kwa nguvu kama watoto wanavyofumba, uso wote ukakunjamana. Watu wakainamisha vichwa. Shangazi akaanza, taratibu, "Ee Bwana, tunakuletea mtoto huyu, naye ana mdomo mrefu mbele ya wakubwa..."

Alikuwa analitaja kosa.

"Acha," nilisema.

Watu wa kwetu hawakatizi sala. Nyumba ikishika moto, mtu atamalizia amina kwanza ndipo atafute ndoo. Niliona vichwa vikiinuka kimoja kimoja. Shangazi hakusita, aliendelea mbele na Bwana wake, nami nikasema tena, safari hii kwa sauti ya kibandani, sauti ya kushindana na injini: "Acha kuomba. Na wewe mwanangu, inuka, njoo hapa."

Mume wangu alinishika bega. "Una nini wewe?"

"Mwulizeni kinachofuata baada ya amina," nilisema. "Humu sala ilitangulia, kiboko kikafuata. Kila mara. Mwulizeni nani aliniunguza mkono. Mwulizeni kwa nini tulimshukuru." Nilikuwa nalia, kamasi zinanitoka, sikuwa na adabu yoyote. Mtoto alikuwa amenishika sketi.

Shangazi hakukasirika. Angekasirika ingenisaidia. Alikaa na mikono yake mapajani akasema, "Niliwapenda wote. Ningewaacha mpotee?" Nadhani alisema kweli kama alivyoijua. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo kuliko kiboko: ninavyomfahamu, sidhani alikuwa anadanganya.

Nikamgeukia dada. "Dada, wewe ulikuwapo. Waambie."

Dada alitazama sakafu. "Tulipigwa," alisema, "tukawa watu." Na nikaona shavu lake limeingia ndani kidogo upande mmoja. Alikuwa ameung'ata ulimi.

Mume wangu akaokota kile kitambaa cha nguo. Akamwomba mzee wa kanisa radhi, akamwomba Shangazi radhi, nikamsikia akisema mke wake hakuwa hivi. Tukatoka. Lori lile lile lilikuwa likirudi na magunia ya viazi, tukapanda juu ya magunia, na mtoto, ambaye hakuelewa lolote ila kwamba haachwi tena kule, akalala papo hapo. Karibu nusu ya njia, mume wangu akanigeukia.

"Yale yote ni kweli?" aliuliza.

"Kweli."

"Na kwangu? Miaka yote hii ulikuwa unaniheshimu, au ulikuwa unaniogopa?"

Ningeweza kumpa jibu tamu. Nilikuwa bingwa wa majibu matamu. Nikasema, "Sijui. Sikufundishwa tofauti yake." Akageuza uso akatazama barabara aliyoitengeneza kwa mikono yake, nami nilimhurumia, maana siku hiyo alikuwa amepoteza mke wa kujivunia na hakuwa ameonyeshwa mwingine.

Hatukupona kama watu wanavyopona homa, leo unatetemeka kesho unaomba uji. Habari zilitutangulia. Kanisani nilizuiwa kushiriki Chakula cha Bwana mpaka nikamwombe Shangazi radhi. Sikwenda. Nilikaa benchi la nyuma, wenzangu wakipita mbele wakirudi, na hakuna aliyekaa karibu nami. Iliniuma, sitasema haikuniuma, kwa sababu Mungu sikuwa nimemkataa. Nilikuwa nimekataa kuombewa. Mama mkwe wangu aliacha kunisifu, na hilo nalo nililikosa, kama mtu aliyezoea dawa chungu. Mume wangu hakunisukuma nikaombe radhi na hakunitetea. Ila alianza kitu kimoja. Akirudi jioni alisimama nje akakohoa, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza.

Shangazi alipofariki, mume wangu alikwenda kuzika. Mimi niliuza chai. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Baadaye nikiwa peke yangu shambani, jembe mkononi, nililia mpaka nikakaa chini, na sijui nilikuwa nikimlilia nani. Bado ninaamka kabla ya majogoo. Bado mtu akiniita kwa upole, naogopa zaidi kuliko akinifokea.

Baada ya hapo, binti yangu akiwa amekaribia kunifikia kwa urefu, lori lilisimama kibandani akashuka dada. Alikuwa anakwenda hospitali ya misheni kule Ilembula, ana uvimbe tumboni, na alikuwa akingoja gari la upande ule. Kilemba cheupe kilikuwa kile kile, mwili ulikuwa umekwisha. Tukasalimiana. Nikampa chai na viazi. Akala amegeukia ukuta.

Nilimtuma binti maji. "Siendi," alisema. "Nilikwenda asubuhi, na upepo huu utaniangusha na ndoo." Nikamwambia asinipigie kelele mbele ya wageni. Akasema hapigi kelele, anasema ukweli, na kwamba mimi kila nikiwa na mgeni humtafutia kazi. Nikamwita mpumbavu. Akanuna, akachukua ndoo, akaondoka huku anaitukana Makambako yote, na kutoka mbali tulimsikia akigombana na mbuzi wa jirani.

Dada alikuwa ameacha kula. Alikuwa anasikiliza.

"Hujaniuliza habari za watoto wangu," alisema.

"Hawajambo?"

"Wawili niliwapeleka kwa Shangazi. Kabla yako. Siku ulipokuja na mtoto wako, wangu walikuwa jikoni." Alifuta vidole kwa khanga, kimoja kimoja. "Niliwafunga nguo mwenyewe. Nilijua, mdogo wangu. Nani angejua kama si mimi? Nikasema, kama mimi niliweza, nao wataweza. Sasa wameolewa. Wakija kunisalimia hupiga magoti mlangoni, hawaingii mpaka niwaambie. Nimewauliza. Wanasema walilelewa vizuri."

Nilitaka kumkumbuka akiwa msichana aliyenifunika blanketi, na nilitaka pia kumpiga. Nilimmiminia chai nyingine.

Mbuzi alilia huko nje, na binti yangu akamfokea tena. Dada akatikisa kichwa.

"Huyu anakukasirikia," alisema.

"Kila siku."

"Wangu hawajawahi."

Gari la Ilembula likapiga honi. Nilimbebea mzigo wake, nikamsukuma mgongoni apande, mwili wake mwepesi kama kikapu kitupu. Alipokwisha kukaa juu ya magunia aliinama akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni hakuangalia chini.

"Nikirudi nitawauliza tena," alisema. "Nitawauliza mpaka mmoja wao anikasirikie."